Picha Iliyobanwa

Sebastian Haule alikutwa amelala chali sakafuni, katikati ya meza mbili za ofisi, macho wazi. Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi. Aliyemwona wa kwanza ni Loveness, mfagizi, ambaye alipiga kelele hadi wauza vipuri wa duka la chini wakapanda ngazi mbio.

Inspekta Editha Mapunda wa upelelezi Kinondoni alifika saa moja na nusu akiwa na Sajenti Suleiman na mtaalamu wa alama za vidole. Hakuona damu, ila kidogo kwenye midomo ya marehemu. Hakukuwa na kilichoibwa. Pochi ilikuwa mfukoni, simu mezani, kompyuta zote nne mahali pake.

"Mlango uliukuta umefungwa?" Editha aliuliza.

"Umerudishiwa tu, afande," alisema Loveness. "Nikajua kaka Seba kalala humu. Huwaga analala, kazi zikimzidi."

"Ulimgusa?"

"Nilimshika bega. Nikamwambia kaka amka, kumekucha." Akaziba uso kwa kanga.

Kompyuta moja ilikuwa bado inawaka. Kwenye kioo palikuwa na picha mbili za X-ray ya kifua, zimewekwa sambamba. Editha aliinama akazitazama kwa muda mrefu. Aliziona zinafanana. Chini ya kila moja paliandikwa uzito wa faili. Ya kushoto ilikuwa nzito mara sitini kuliko ya kulia.

Mkurugenzi wa kampuni aliingia saa mbili. Aliitwa Noela Komba, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyevaa suti ya kijivu. Alisimama mlangoni. Editha aliona kwamba hakuitazama maiti. Aliitazama kompyuta.

"Naomba muizime hiyo," alisema. "Ni siri za wagonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Hakuna mgonjwa. Ni picha za majaribio tu."

"Za majaribio, au siri za wagonjwa?"



Kampuni ya Noela ilikuwa na programu inayoitwa Kurunzi. Zahanati ndogo zenye mashine ya X-ray lakini zisizo na daktari bingwa zilipiga picha, zikaituma kwa Kurunzi, na bingwa aliyekuwa mjini akairudisha na majibu ndani ya nusu saa. Sebastian ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu hiyo.

"Ijumaa mligombana naye," Editha alisema. "Wauza vipuri walisikia hadi chini."

"Mambo ya kazi."

"Yapi?"

"Ya kazi, afande. Na jana nilikuwa kanisani, kisha kikao cha harusi hadi jioni. Watu arobaini waliniona."

Suleiman alifuatilia. Ilikuwa kweli.

Mwandishi mwingine wa programu aliitwa Godlisten. Editha alimhoji kwenye ngazi, mbali na bosi wake.

"Zile picha mbili ni za nini?"

"Usiandike jina langu, afande."

"Jibu."

Godlisten alivua miwani akaifuta. "Picha za X-ray ni nzito. Mtandao ukisuasua, moja inachukua dakika arobaini na bando linaisha. Zahanati zikalalamika. Bosi akaagiza tuongeze kwenye Kurunzi kipengele cha kubana mafaili."

"Kubana vipi?"

"Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kama belo la mitumba. Unaligandamiza linakuwa dogo, ukilifungua, kila nguo imo. Ya pili inabana zaidi, kwa sababu inatupa nguo zile inazodhani hutazikosa."

"Na Sebastian alitumia ipi?"

"Aliandika zote mbili. Ya pili ilikuwa ya picha za vitambulisho na makaratasi. X-ray aliziwekea ya kwanza. Hakutaka kupoteza hata nukta." Sauti ilishuka. "Halafu kuna mtu akabadilisha mpangilio kwenye seva. X-ray zote zikawa zinabanwa kwa ile ya pili. Wiki tatu nzima. Zahanati zikashangilia, kumbe picha zinafika haraka zikiwa zimepungua."

"Nani alibadilisha?"

"Seba alijua. Mie sikuuliza."

Saa nane mchana Editha alikuwa chumba cha maiti. Daktari Benjamin, aliyefanya uchunguzi, alikuwa ananawa mikono.

"Mbavu nne zimevunjika," alisema bila kugeuka. "Midomo imechanika kwa ndani, imesagwa kwenye meno. Machoni kuna vidoa vya damu. Mtu alimkalia kifuani akamziba mdomo na pua kwa kiganja."

"Kwa muda gani?"

"Dakika nne, pengine tano. Wanatazamana. Na aliyemkalia anaondoka na jeraha, maana huyu aling'ata. Kuna ngozi isiyo yake kwenye meno."

Kwenye bakuli la chuma palikuwa na shati la marehemu. Upande wa kifua ulikuwa na vumbi laini la rangi ya udongo mwekundu. Vumbi hilohilo lilikutwa puani. Suleiman alilisogelea akanusa.

"Mninga," alisema. "Vumbi la msasa. Muuaji ni fundi seremala, afande."

Editha alimpa daktari zile picha mbili. Benjamin alizifungua kwenye kompyuta yake, akasogeza kiti.

"Mbavu ni zilezile. Ni mtu mmoja, picha moja." Akaweka ncha ya kalamu juu ya ile ya kushoto. "Unauona huu mstari? Mwembamba kama unywele. Hapa pafu limetoboka, hewa inavujia ndani ya kifua. Huyu anatiwa mpira kifuani, nusu saa, anapona."

"Na hii ya kulia?"

"Mstari haupo. Umefutika. Ningeletewa hii, ningeandika kwamba mtu ni mzima."

"Akirudishwa nyumbani?"

Daktari alilitazama jokofu alimolazwa Sebastian. "Anakufa kama huyu. Anatafuta hewa, anaikosa, na akili anazo."

Orodha ya simu za marehemu iliwapeleka Kiwalani. Alhamisi alipigiwa na zahanati moja ya huko. Jumapili, saa tatu asubuhi, aliipigia mara mbili namba iliyosajiliwa kwa jina la Shomari Pazi.

Muuguzi wa zahanati, Hamida, aliwapokea kwa shikamoo, akafunga mlango wa chumba cha sindano. Alionekana kama mtu aliyekuwa akiwasubiri.

"Ni Zuena," alisema. "Miaka ishirini na sita. Alianguka na bodaboda, kifua kikawa kinamuuma. Tukampiga picha, tukaituma. Majibu yakarudi: kifua kiko salama, apewe dawa ya maumivu. Nikampa mie mwenyewe, mkononi. Nikamwambia nenda kapumzike mdogo wangu."

"Kisha?"

"Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa amekufa. Baada ya mazishi nikaifungua picha iliyobaki kwenye mashine yetu, ile isiyotumwa. Nikauona mstari. Nikampigia Sebastian, aliyetufungia Kurunzi, nikamtumia ile picha."

"Alisema nini?"

"Hakusema, afande. Alilia. Alipomaliza akaniomba namba ya mume wa Zuena."

"Ukampa?"

"Alisema mtu ana haki ya kuambiwa kilichomuua mke wake." Hamida aliangalia sakafu. "Nikampa."

Karakana ya Shomari ilikuwa nyuma ya zahanati, mwendo wa dakika mbili kwa miguu. Walimkuta anapiga msasa ubao wa kitanda cha mninga. Alikuwa mtu mpana, mtulivu, mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kiganja cha kulia alikuwa amekifunga kitambaa.

"Umeumia na nini?" Editha aliuliza.

"Msumeno."

"Fungua."

Shomari alifungua taratibu. Alama zilikuwa nusu duara mbili, juu na chini, za meno.

"Msumeno wako una meno ya mtu," alisema Suleiman, akatoa pingu.

Shomari hakubisha. Aliuegemeza ule ubao ukutani, akaomba avae shati.

Siku mbili zilizofuata, Jumanne na Jumatano, Editha alizitumia kwenye seva, na wataalamu wa makosa ya mtandao. Kumbukumbu za mabadiliko zilikuwa wazi. Mpangilio wa kubana X-ray ulibadilishwa wiki tatu kabla, saa tisa alasiri, kwa akaunti ya Noela Komba. Ulirudishwa ulivyokuwa Jumapili ya mauaji, saa nne asubuhi, kwa akaunti ya Sebastian. Saa sita alikuwa maiti.

Ndani ya simu ya marehemu walikuta maandishi mafupi aliyojiandikia. Editha aliyasoma mara moja akaiweka simu chini. Kisha akamwita Noela kituoni. Alikuja na wakili.

"Hii ni akaunti yako?"

"Ni yangu. Neno langu la siri Sebastian alilijua. Ndiye aliyenitengenezea."

"Kwa hiyo ni yeye aliyebadilisha?"

"Muulize."

"Amekufa."

"Basi mimi nitajuaje?" Noela alisema. "Hata hiyo kumbukumbu yenu inasema wa mwisho kuigusa ni yeye. Mtu msafi anakwenda kurudisha vitu Jumapili, ofisi haina watu?"

"Zuena alikuwa na miaka ishirini na sita."

"Nampa pole mumewe. Hata kama ndiye aliyemuua kijana wangu."

Godlisten aliitwa tena. Safari hii alisema hakumbuki kuzungumza lolote kuhusu seva. Wakili wa serikali alilisoma jalada mara mbili, akalisukuma upande wa pili wa meza.

"Akaunti si mkono, Inspekta. Nani alimwona akibonyeza? Nani alimsikia akikiri?"

"Sebastian. Waligombana kwa hilo Ijumaa."

"Na maandishi yake hayawezi kuhojiwa kizimbani. Niletee mtu aliye hai."

Jumatano hiyohiyo Noela alisaini mkataba na zahanati nyingine sitini.

Alhamisi asubuhi Editha, akiwa na Suleiman, aliketi mbele ya Shomari kuchukua maelezo ya onyo. Alimweleza haki zake: halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa.

"Andika," alisema Shomari. "Nimemuua mie."

"Alikuitaje?"

"Alinipigia Jumapili. Akasema, braza, nina jambo la marehemu mkeo, siwezi kulisema kwenye simu. Nikaacha kazi nikaenda na nguo zilezile za karakana. Akanipa kiti, akanipa maji. Akanionyesha picha mbili. Akaniwekea kidole pale penye mstari. Hapa angepona, akasema. Na hapa ndipo walipomwona mzima."

"Ukasema nini?"

"Nikamuuliza, nani aliyeufuta huu mstari? Akasema, hii programu nimeiandika mie, lakini..."

"Lakini nini?"

"Sikutaka lakini." Shomari alivuta pumzi. "Afande, unajua Zuena alikufaje? Alikaa kitandani akanishika mikono miwili. Mdomo wazi. Anavuta, haingii. Macho yanatoka. Saa nzima ananitazama mie nimsaidie, na mie namwambia tulia mke wangu, wamesema uko salama, wamesema kifua hakina kitu. Nikamgombeza, afande. Nikamwambia acha kudeka. Neno la mwisho alilolisikia kwangu ni hilo."

Kalamu ya Editha ilisimama, kisha ikaendelea.

"Kwa hiyo ulimkalia Sebastian."

"Nilitaka aijue ile saa. Nikamwangusha, nikamkalia, nikamziba. Nikawa namwambia vuta. Vuta basi, mbona huvuti? Si uko salama wewe? Picha yako si nzuri? Akiishiwa nguvu namwachia kidogo, apate hewa. Halafu naziba tena."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimechoka."

Suleiman alisimama akaenda dirishani.

"Ulipomwachia," Editha aliuliza, "alifanya nini?"

"Alikuwa anataka kusema."

"Alisema?"

"Alianza. Kila nikimwachia anaanza na neno lilelile. Lakini, lakini. Nikajua anatafuta kisingizio, maana wasomi hawakosi cha kusema. Ndipo nikakaza, akaning'ata."

Editha alifunga jalada. Hakuwa na wajibu wa kumsomea mtuhumiwa kitu chochote zaidi. Aliyajua hayo. Alifikiria zile mbavu nne, na zile mara tatu, akafungua karatasi iliyonakiliwa kutoka kwenye simu.

"Haya aliyaandika kabla hujafika, asije akasahau cha kukwambia," alisema. Akasoma: "Nimwonyeshe picha zote mbili. Nimwambie programu niliiandika mimi, lakini Noela alibadilisha mpangilio bila kuniambia, na Ijumaa amekiri mbele yangu. Nimwambie nitasimama naye mahakamani, hata nikifukuzwa. Nimwombe radhi kwa kutokagua mapema."

Shomari hakusogea.

"Noela ni nani?"

"Mwenye kampuni."

"Mmemkamata?"

"Aliyemsikia akikiri ni mtu mmoja," Editha alisema. "Hakuwepo mwingine. Baada ya ile lakini kulikuwa na jina, Shomari. Alijaribu kukupa mara tatu."

Yule fundi alifungua mdomo.

"Nisomee tena."

Editha alimsomea tena, taratibu, neno kwa neno. Kisha akamsogezea kalamu.

"Saini kila ukurasa," alisema. "Kesho tunakupeleka mahakamani."