Mashine Haikimbii

Kila Jumatatu Mama Adolphine alienda ofisini kuuliza habari za mwanawe. Gédéon alipotea wakati wa vita vya Kindu, mwaka 2002. Ofisi hiyo ilikusanya ushahidi kuhusu waliopotea na kuutunza kwenye kompyuta.

Jumatatu moja Falone, mtunza kumbukumbu, alimkalisha kitini.

"Mama, mutu wa Punia alikuya juma iliyopita. Yeye njo alizika Gédéon. Alituambia fasi kaburi iko, tukaandika yote."

"Nisomee."

"Mutu hasomewi habari ya kifo akiwa peke yake, mama. Rudia kesho na ndugu."

Ndiyo desturi, na Adolphine aliiheshimu. Alasiri hiyo radi ilipiga ofisi.

Kesho yake alikuja na kaka yake Paul. Falone hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na nakala tatu za ushahidi wote, kila moja katika mashine yake. Alifungua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu pia. Alimwita fundi, Hélène, naye akafungua kabati. Ndani mlikuwa na kompyuta moja kubwa, imeungua.

"Mashine tatu iko majina tu," Hélène alisema. "Zote zinaishi ndani ya hii moja. Ikikufa, zote zinakufa. Juu ya nini uliweka zote pamoja?"

"Wakati wa vita mama yangu alitufundisha: funga vyote muzigo mumoja, ukisikia risasi ujitwike, ukimbie."

"Mutu anakimbia, dada. Mashine haikimbii. Nakala moja ikae hapa, ingine Lubutu, ingine Kisangani, kila moja na umeme yake. Na kila mwezi zima moja, uone kama zingine zinajibu."

Walifanya hivyo. Lakini walipomtafuta yule shahidi asimulie tena, alikuwa ameshakufa, amefukiwa machimboni. Falone alikumbuka jina la Punia tu, na msitu wa Punia ni mkubwa mno kutafuta kaburi moja ndani yake. Kosa hilo lilimuuma hata chakula kikamshinda.

Mwaka uliofuata radi ilipiga tena. Kompyuta ya Kindu ilizimika. Mzee Youssouf alikuwa ameketi na binti zake, akingoja habari za mke wake. Nakala ya Lubutu ilijibu palepale. Walisomewa yote, wakalia, wakaenda kupanga safari ya kaburini.

Adolphine, aliyekuja kama kila Jumatatu, alibaki kwenye benchi.

"Habari ya Gédéon, kama ingelikuwa Lubutu?"

Falone hakutaka kumdanganya.

"Ingelijibu, mama."