Stika Isiyochoma

Kila asubuhi kabla ya uji, Violeth alinawa mikono kwa sabuni, na mama yake alikuja akasimama mlangoni. Ndivyo siku ilivyoanza katika nyumba yao kijijini Gitting tangu Violeth alipogundulika kuwa na kisukari. Mama yake, Marieta, aliitoa chupa ndogo ya insulini kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji, ambamo dawa ilikaa baridi bila jokofu. Alifanya ishara ya msalaba, akasema, "Bwana, wabariki walioitengeneza dawa hii." Kisha Violeth aliivuta dawa kwa bomba la sindano, akabana ngozi ya tumbo, akachoma. Jioni walifanya vivyo hivyo.

Violeth alikuwa darasa la sita, na katika somo la sayansi hakuna aliyemfikia. Alama nzuri zilimfanya ajione amekuwa mkubwa kuliko nyumba yao. Alikidharau kile chungu. Alimdharau hata mama yake, aliyeishia darasa la tano, kwa jinsi alivyosoma jina la dawa polepole, herufi moja moja.

"Mama, siku hizi watu hawaweki dawa kwenye mchanga kama viazi," alisema siku moja.

"Viazi vyangu havijawahi kuharibika," mama alijibu. "Choma uwahi shule."

Kitu alichokichukia zaidi ni sindano yenyewe. Siku darasa lao lilipokwenda Katesh kwenye michezo, alibeba bomba la sindano kwenye begi, na mwanafunzi mwenzake aitwaye Margwe akaliona.

"Jamani, njooni muone!" Margwe alipiga kelele. "Kumbe tunasoma na teja!"

Mwalimu alimwadhibu Margwe, lakini jina lilibaki. Wakati wa mapumziko wavulana walikunja mikono ya mashati, wakajifanya wanajidunga, wakatembea wakiyumba kama watu waliolewa. Violeth aliwatazama kwa dharau, kisha akaenda kulia nyuma ya darasa.

Siku ya mnada, Violeth na mama yake walikwenda kuuza maharage. Mama alimpa hela iliyotumwa na baba yake Violeth, fundi ujenzi aliyekuwa kazini Babati. Ilikuwa ya kununua sweta la shule, maana baridi ya chini ya Mlima Hanang haimhurumii mtu. Kabla hajafika kwa wauza sweta, Violeth alisikia kipaza sauti.

Juu ya meza alisimama mtu aliyejiita Profesa Basili. Alivaa koti jeupe lenye madoa ya chai, na shingoni alining'iniza kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo ambacho pengine hakikuwahi kugusa kifua cha mtu yeyote. Mbele yake palikuwa na lundo la stika za kubandika mwilini.

"Teknolojia ya nano!" alinguruma. "Utafiti wa kisasa! Dawa haipiti mdomoni, haipiti kwenye sindano. Inapenya kwenye ngozi na kuufuata ugonjwa nyumbani kwake! Presha, kisukari, mgongo, mikosi!"

"Mikosi nayo ina nano?" aliuliza Mzee Gidabuday, mfugaji aliyekuja kuuza ndama. Watu walicheka. "Nina ng'ombe ana ndigana. Naye nimbandike?"

"Mzee, wewe bandika fimbo yako begani uende zizini," Profesa alijibu. "Hapa tunaongea na wasomi."

Watu walicheka zaidi, safari hii wakimcheka mzee. Violeth naye alicheka. Neno "wasomi" lilimpata vizuri. Aliwahi kusoma kwenye simu ya mwalimu kwamba kweli zipo dawa za kubandika kwenye ngozi. Alimtazama Gidabuday na shuka lake, akajisemea kwamba mtu kama huyo hawezi kuelewa. Alisogea karibu na meza.

"Kisukari cha sindano kinapona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Profesa aliinama. Sauti yake iligeuka asali. "Binti, unaonekana una akili. Sindano ni mambo ya zamani. Bandika hii pajani, sindano tupa. Ukianza kukojoa sana usiogope, ni ugonjwa unatoka."

Hela ya sweta iliishia mezani pale. Mama alipomuuliza, Violeth alisema, "Hawana saizi yangu." Uongo wa kwanza ulitoka kirahisi.

Wa pili haukumsumbua kabisa. Kesho yake asubuhi alimwambia mama, "Mimi sasa ni mkubwa. Naona aibu ukisimama hapo mlangoni."

Mama alimtazama kidogo. "Haya, mwanangu," alisema, akaenda kukamua ng'ombe.

Violeth aliivuta dawa kama kawaida ili chupa ipungue, kisha akaimwaga kwenye majivu ya jikoni.

"Umechoma?" mama aliuliza kutoka nje.

"Nimechoma."

Siku hiyo alijisikia vizuri, kwa kuwa dawa ya jana yake ilikuwa haijaisha mwilini. Yeye alidhani ni stika. Alitembea shuleni akiwa ameinua kidevu. Aliwafikiria wagonjwa wote wanaojichoma kila siku, akawaona wajinga. Alimfikiria mama yake na sala yake juu ya chupa, akatabasamu.

Siku iliyofuata kiu ilimshika. Alikunywa maji ya shuleni, ya nyumbani na ya jirani, na bado ulimi ulikauka kama kipande cha ngozi. Alikwenda chooni mara nyingi. "Ugonjwa unatoka," alijikumbusha, akabandika stika ya pili. Jioni mama aliuliza tena, na Violeth akamwitikia kwa jibu lile lile. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti kwamba binti yake ameanza kujitegemea.

Siku ya tatu Violeth alitapika darasani. Tumbo lilimuuma, macho yaliona ukungu, na alipumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima akikimbia.

"Teja amekosa dozi!" alisema Margwe, na nyuma wakacheka.

Kwa mara ya kwanza Margwe alikuwa amesema kweli, ingawa hakujua. Violeth aliteleza kutoka kwenye dawati akaanguka, na kicheko kikakatika. Mwalimu alimpigia simu mama, kisha akaita bodaboda. Violeth alifikishwa hospitalini akiwa katikati ya dereva na mama yake, kichwa kikiwa kimelala mgongoni kwa dereva huyo.

Daktari wa zamu aliitwa Shamimu. Aliinama usoni kwa Violeth, akanusa pumzi yake, ambayo ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alimtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu mno. Daktari hakupoteza muda. Aliagiza maji ya mishipani na insulini, akakaa karibu naye akihesabu pumzi zake. Mama Marieta alipiga magoti chini sakafuni, pembeni ya kitanda, akasali bila kutoa sauti.

Violeth alipoanza kupata fahamu, alisikia sauti kabla ya kufumbua macho.

"Mama, mtoto wako angekufa leo," Daktari Shamimu alikuwa akisema. "Insulini mnapewa. Mnaipeleka wapi?"

"Anachoma, Daktari. Asubuhi na jioni."

"Anachoma! Damu yake inasema siku nyingi haijaonja insulini. Au imeharibika? Mnaiweka wapi?"

"Kwenye chungu. Kinazungukwa na mchanga wenye maji."

Mwanamke mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili aliguna. "Dawa ya hospitali kwenye mchanga!" alisema. "Karne hii! Watu wengine kuzaa wanajua, kulea hawajui."

Violeth alingoja mama ajibu. Mama yake alikuwa hodari wa kujibu. Mnadani hakuna mchuuzi aliyemshinda kwa maneno. Lakini mama aliinamisha kichwa.

"Labda ni mimi," mama alisema taratibu. "Labda mchanga ulikauka sikuona. Mimi sikusoma sana, Daktari. Nisamehe. Niambie tu kosa langu nisilirudie."

Maneno ya yule mwanamke yalikuwa karibu sawa na yale ambayo Violeth mwenyewe aliyasema nyumbani. Kinywani mwake yalikuwa matamu. Sasa aliyasikia yakimwangukia mama yake mbele za watu, na mama akiyapokea kwa kosa ambalo hakulitenda. Angeweza kufumba macho aendelee kulala. Hakuna ambaye angejua.

"Shikamoo, Daktari," alisema kwa shida.

Wote waligeuka.

"Marahaba. Umeamka?"

"Mama hana kosa. Dawa haikuharibika. Mimi niliimwaga kwenye majivu." Alivuta pumzi. "Na hela ya sweta... sweta walikuwa nazo." Kwa mkono usio na mpira wa dripu alifunua shuka, akaonyesha stika mbili pajani.

Mama alizitazama stika zile kwa muda mrefu.

Daktari Shamimu alivaa glavu, akabandua moja, akainusa, kisha akakunja uso kama aliyefungua chungu cha mboga iliyochacha. "Kafuri," alisema. "Na pilipili kidogo ili upate joto, udhani inafanya kazi. Hii haiwezi kutibu hata mafua ya kuku. Nani amekuuzia?"

"Profesa. Mnadani. Aliniita msomi. Na shuleni Margwe ananiita teja, kwa ajili ya sindano."

"Profesa!" Daktari aliitupa stika kwenye ndoo ya taka. Halafu alimgeukia Mama Marieta. "Mama, nimekusema vibaya bila kuuliza kwanza. Naomba unisamehe. Chungu chako kiko sahihi. Sisi wenyewe tunawafundisha hivyo wasio na jokofu." Aliyasema hayo kwa sauti ya kufika kitanda cha pili, na yule mwanamke akawa na shughuli nyingi ghafla na chupa yake ya chai.

"Lakini Daktari," Violeth alisema, "dawa za kubandika zipo. Nilisoma."

"Zipo, tena ni dawa kweli. Kuna za kupunguza maumivu makali, kuna nyingine nyingi. Mtu huyo angesema uongo mtupu ungemkamata. Aliiba ukweli wa watu wengine akaupaka juu ya uongo wake." Daktari aliketi pembeni ya kitanda. "Sikiliza. Insulini ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama nyama. Na ngozi yako imeumbwa kuzuia vitu visiingie hovyo, na insulini ni kubwa mno kupita yenyewe. Ndiyo maana tunachoma. Watafiti wanahangaika na jambo hilo. Wapo wanaojaribu stika zenye visindano vidogo mno, usivyoweza kuvisikia. Wanapima maabara, wanapima kwa wanyama, kisha kwa watu waliokubali wenyewe. Inachukua miaka. Na mara nyingi wanashindwa."

"Wakishindwa?"

"Wanaandika kwamba wameshindwa, na wenzao wanasoma. Huo ndio utafiti. Profesa wako akishindwa anahamia mnada mwingine."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kudharau, kisha akajifuta macho.

"Kuna siku nitaacha sindano?" Violeth aliuliza.

"Sijui," Daktari alijibu. "Ningependa kukuambia ndiyo. Anayekuahidi leo, muulize dawa yake ilipimwa wapi na nani. Akianza kukusifia akili badala ya kujibu, ondoka." Alisimama. "Margwe wenu alikuita teja, ukamwamini. Mwenye meza alikuita msomi, naye ukamwamini. Aliyepiga magoti hapa akikuombea ndiye uliyemdanganya. Nitakwenda shuleni kwenu kuongea na darasa lako kuhusu kisukari. Lakini hilo la kudanganya ni lako na mama yako."

Daktari aliondoka kwenda kuwaona wengine. Mama alisogeza kiti. Violeth alingoja kugombezwa, na kwa kweli alitamani kugombezwa.

"Mama, nisamehe. Nilikudharau."

"Nilijua," mama alisema. "Hilo la kunidharau nilikuwa namwachia Mungu, nikijua utakua. Kilichoniumiza ni jingine. Kama sindano ilikutesa hivyo, ungeniambia. Tungekaa chini tukalia wote wawili, halafu ungechoma. Mtoto akinikatalia dawa, nitambembeleza, nitamshika hata kwa nguvu. Lakini akiniambia amechoma na hajachoma, nitamsaidiaje? Nitabaki namshukuru Mungu huku mwanangu anakufa mbele yangu."

Violeth aliugeuzia ukuta uso wake, akalia mpaka mto ukalowa. Mama hakumzuia.

Siku mbili baadaye dripu iliondolewa, na muda wa dozi ya jioni ulipofika, bomba la sindano liliwekwa mezani likiwa tayari. Mama alitoka kwenda kuchota maji ya kunywa. Aliporudi, Violeth alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limepandishwa, mkono umebana ngozi ya tumbo.

"Umechoma?" mama aliuliza.

Violeth alitikisa kichwa. "Bado. Nimeshindwa. Naogopa, Mama."

Mama aliweka kikombe chini. Usoni mwake palikuwa na furaha, kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema, akaketi karibu naye. "Basi ogopa, nami nipo. Ukiwa tayari, tutachoma."