Pumzi Iliyokuwa Ndani ya Mpingo

Ulimi wa klarineti ulikuwa umelowa.

Fundi aliugusa tena kwa ncha ya kidole, akidhani amekosea. Ulimi, ndivyo walivyouita karakanani, ni kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa mdomoni mwa ala ili kitetemeke mtu anapopuliza. Ala ikikaa bila kupigwa, ulimi hukauka na kujikunja kama ukucha. Huu ulikuwa laini na vuguvugu, kana kwamba mtu ameutema sasa hivi.

"Umesema ilikuwa wapi hii?"

"Kwa mpangaji aliyehama," alijibu mdogo wake. "Aliacha sanduku limefungwa. Hata komeo lilikuwa limeshika kutu, Dada."

Mdogo wake huyo ndiye Kitinda, wa mwisho kuzaliwa, na jina lilimganda hata alipokuwa baba wa mtu. Alisimama mlangoni pa karakana, mikono mfukoni. Siku nyingine akija hapa hakutulia. Alipuliza tarumbeta za wateja mpaka afukuzwe kwa brashi.

"Ingia basi. Au unaogopa nitakupa kazi?"

"Kazi yako ya kuziba matundu? Hapana, asante." Alicheka, lakini hakusogea. "Wewe nitazamie tu. Ni mbao kweli au plastiki? Inafaa?"

Fundi akapanga vipande vyake juu ya kitambaa: mdomo, kiungo kifupi, mwili wa juu, mwili wa chini na kengele. Alikuwa na furaha aliyojaribu kuificha. Karakana hii aliachiwa na baba yao, na tangu siku hiyo Kitinda hakuwahi kumwuliza lolote kuhusu kazi yake.

"Plastiki hushika joto la mkono upesi," alimweleza. "Hii nimeishika tangu umefika na bado ni baridi. Halafu nzito. Hebu shika."

"Nakuamini, Dada."

Chini ya lenzi ilionekana michirizi myembamba ya kahawia ndani ya weusi, jambo ambalo plastiki haiwezi kuliiga. "Mpingo," alisema. Nambari iliyochongwa kwenye mwili wa juu ilikuwa ileile ya mwili wa chini. Hakuna aliyeoanisha vipande vya ala mbili. Akamulika tochi ndani, akatafuta ufa kando ya matundu, pale mpingo unapopenda kupasuka. Hakuuona. Alichokiona ni kwamba komeo la sanduku lilikuwa na kutu kweli, lakini springi za vifuniko zilimetameta kama za ala inayopigwa kila siku.

"Ni nzuri," alisema taratibu. "Ni nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia humu."

"Si utaivuta kwanza?"

Fundi akainua macho. Kuvuta lilikuwa neno la humu ndani. Wateja husema puliza, husema jaribu. Fundi huziba tundu la chini kwa kiganja cha mkono mmoja, matundu ya ubavuni kwa vidole vya mwingine, akaweka midomo juu na kuvuta hewa yote iliyomo. Kama haivuji, mbao hung'ang'ania midomo. Hayo baba yao alimfundisha yeye peke yake, wakati Kitinda akicheza mpira nje.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza," alisema, na moyo ukamlainika.

Akauchukua mwili wa juu, akavuta.

Hewa ikaja. Akabana vidole zaidi akidhani panavuja, ikaendelea kuja, yenye uvuguvugu na harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu, ikajaza kifua chake mpaka mbavu zikauma, naye akataka kuacha lakini midomo ilikuwa imeng'ang'aniwa, na bado ikaja, na mbali ndani ya tundu lile jembamba akasikia kitu kikivutika pamoja nayo, polepole, kama mtu anayepita kiubavu katika mlango usiomtosha.

Kisha mbao ikamwachia, pwa!

Alipoinua kichwa, Kitinda alikuwa analia.

"Una nini?"

"Vumbi. Nina haraka, Dada. Acha ikae kwako." Akatoka bila kugeuka.

Kesho yake asubuhi Fundi alimwita muuza magazeti, na sauti haikutoka. Iliingia. Maneno yaliundwa wakati akivuta pumzi, si wakati akiitoa, yakamtumbukia kifuani.

"Mama, umepaliwa?" aliuliza muuza magazeti, huku akirudi nyuma.

Pumzi aliyoivuta haikurudi yote. Kila siku ilibaki kidogo, na mahali ilipobaki palikuwa pazito. Mchana akiwa peke yake, filimbi na tarumbeta zilizotundikwa ukutani zilianza kulia chini kwa chini kila alipopumua, zote noti moja, na ile harufu ya kinywa kilicholala ikatanda karakana nzima, na alipobana pumzi ili ahakikishe kwamba ni yeye anayezisababisha, zikaendelea kulia, zikapanda na kushuka bila haraka, mpaka akaelewa kwamba ndani ya kifua chake kuna mwingine ambaye hajabana pumzi.

Nyumbani aliishi na mama yao. Mama hakumwuliza kitu. Alihamishia sahani yake mwisho wa meza, na kila Fundi alipoingia chumbani, Mama alivuta ncha ya mtandio akaziba pua na mdomo.

"Mama, mbona unajiziba?"

"Mafua, Fundi. Kula chakula kitapoa."

Mganga ambaye Fundi alimwendea hatimaye alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye chumba juu ya duka la magodoro. Alimkaribisha akitafuna karanga, akamwambia ngazi zile ndizo dawa ya kwanza, maana mwenye jini la uongo huishia katikati. Kisha akamwekea sikio mgongoni, na akaacha kutafuna.

"Huyu namjua," alinong'ona.

"Unamjuaje?"

"Wewe si ndiye yule dada mtu? Yule fundi?" Mganga alizunguka akaketi mbele yake. "Alikuwa kwa mtoto wa mdogo wako. Mtoto aliivuta hiyo ala kama mrija wa soda. Ikafika mahali hata kulia hawezi. Wakaja hapa, mdogo wako na mama yenu. Tukamfanya mtoto aipulize mpaka jini akarudi ndani ya mbao, lakini hakai humo. Asipovutwa na mtu mwingine, humrudia mtoto. Nikawaambia watafute mtu mzima wamwombe, maana anayempokea akijua hupata nguvu ya kupambana naye. Wakaniambia wameshakuomba." Akamtazama vizuri. "Walikuomba, sivyo?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Lo!" Mganga akashusha sauti zaidi. "Mama yenu alisema huna haja ya kubembelezwa. Alisema ukiwekewa klarineti mbele yako utaivuta tu, ndiyo kazi yako."

Alasiri ile Fundi alimwita Kitinda nyumbani. Alikuja na mtoto, akamwacha uani akimfokea paka kwa sauti kali, nzima. Klarineti ilikuwa mezani, imeunganishwa.

"Mlijua," alisema Fundi.

Kitinda akainama. Mama akajibu akiwa na mtandio mdomoni. "Yule ni mtoto mdogo. Wewe una mapafu ya kazi."

"Mngeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekubali!" Neno likamzamia ndani, na kifuani pakaitika noti ndefu iliyotikisa vioo vya dirisha. "Yule mtoto ningemfia. Mngeniomba tu!"

Akaichukua klarineti, akapuliza. Hapakutoka mlio, pakatoka pumzi tu, yake na isiyo yake, akapuliza mpaka macho yakaona giza na magoti yakagusa sakafu, na alipofikiri hakuna kilichobaki bado kitu kikawa kinamtoka, kikijishikiza ubavu baada ya ubavu, kikikwaruza kooni kama asiyetaka kuhamishwa, mpaka mbao ikakimeza.

Alipozungumza, sauti ilitoka nje. Ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake.

"Yumo humo sasa. Nitamvuta tena, kwa ajili ya mtoto. Ila leo mtaniomba. Mama, niombe."

Pazia la dirisha likaanza kuinamia mezani ingawa hapakuwa na upepo. Ncha ya mtandio ikajivuta upande huohuo. Uani, sauti ya mtoto ikakatika katikati ya neno, kikafuata kikohozi.

"Mama, mwombe!" Kitinda alisema. "Dada, naku..."

Mama akamnyamazisha kwa mkono. "Sijawahi kumwomba mtoto niliyemzaa mwenyewe," alisema.

Akaufungua mtandio, akautupa. Akaichukua klarineti, akautenganisha mwili wake wa juu kwa mzunguko mmoja, kama alivyomwona mumewe akifanya maisha yake yote, akaziba chini kwa kiganja, akavuta. Alikuwa anamtazama Kitinda.

Uani mtoto akaanza kufoka tena. Kitinda alikwisha kutoka kumchukua. Walisikia lango likibamizwa, na hakuaga.

Fundi akabaki na Mama. Mama alikuwa ameketi, kifua kimeinuka, hakishuki. Ndani ya kabati glasi ziliimba kidogo, zikanyamaza. Kisha yale macho yakamgeukia, yakalegea kwa upole ambao Fundi hakuujua, na sauti ikaja, ikielekea ndani.

"Mwanangu."

Mama hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Fundi, kama wateja.

"Mwanangu, nakuomba. Nimechoka. Nipokee." Mkono ukamnyooshea kile kipande cha mpingo, mbao ikiwa bado na unyevu wa midomo. "Nakuomba."

Fundi alijua vizuri kwamba anayesema si Mama. Hata hivyo akavuta kiti, akasogea, akanyoosha mkono.