Waya Uliopimwa kwa Kiganja

Kisa hiki alikisimulia kwanza mke wa fundi, mwaka uliofuata ule wa msiba, akiwa ameketi jikoni kwake, mikono ina malengelenge mabichi.

Mumewe alikuwa fundi umeme wa magari. Walimwita Kiganja, kwa sababu hakuamini kipimo. Nyaya zikichemka, alipitisha kiganja kitupu juu yake, polepole, mpaka kikutane na joto. Hapo ndipo penye ubovu.

Mchana mmoja kaka yake alimletea gari kuukuu la marehemu baba yao. Fyuzi zinaungua, alisema, na nyaya zinanuka. Kiganja aliinama chini ya dashibodi akanusa. Haikuwa harufu ya plastiki. Ilikuwa ya nywele zilizoungua.

"Betri umechomoa, kaka?"

"Hiyo hapo chini."

"Basi joto hili linatoka wapi?"

"Ndilo lililonileta. Au kiganja kimeota sugu, mkunga wa magari?"

Mkewe alikuwa amemletea chakula, na neno moja alilolihifadhi tangu asubuhi. Akacheka. "Shemeji, usimchokoze. Atalipakata gari lako lote."

Kiganja akashika fungu la nyaya. Joto lilianzia penye swichi. Akalifuata, likasogea. Akalifuata tena chini ya zulia, nalo likasogea bila haraka, kama mtu anayemwongoza kipofu. Na alipofika chini ya kiti cha nyuma, pale baba yao alipokatia roho, akahisi nyaya zikituna na kunywea, zikituna na kunywea, na kutoka ndani ya mvumo mdogo kama wa nyuki ikaja sauti ya mzee, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hata mkewe hakulijua, ikimsihi asiuachie waya, maana huku ni baridi, mwanangu, huku ni baridi sana.

"Kaka," alinong'ona, "mkono hautoki."

Kaka alibaki amesimama.

"Nivute, kaka."

"Siwezi, mdogo wangu." Aliongea taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Baba aliishi naye miaka yote. Alipokufa, jini huyu akanihamia mimi pamoja na gari. Mganga kasema hatoki mpaka apokelewe na mkono mtupu wa damu moja. Mimi nina watoto. Wewe huna."

Mwanamke aligusa tumbo lake. Neno lile hakuwahi kulisema. Akaangusha sahani, akakishika kifundo cha mkono wa mumewe kwa mikono yote miwili, akavuta mpaka akahisi kitu cha moto kikimpita viwiko na kushuka kifuani, kikitafuta, kikishuka zaidi, na mkono ukachomoka bila hata jeraha.

"Ungetumia kipimo kama mafundi wenzako," alisema kaka. Akarudisha betri, akawasha gari. Liliitika mara moja.

Kiganja aliungua kwa ndani. Walimfunika vitambaa vilivyoloweshwa maji, vikakauka juu yake. Hakufika alfajiri. Alipokata roho mwili ulipoa ghafla, na mkewe, aliyekuwa bado amemshika, akahisi tumbo lake likipata joto.

Kaka yu hai, na gari lingali linatembea. Fyuzi haijaungua tena. Mke yu hai. Mtoto wa Kiganja naye yu hai, ana afya, anacheka sana. Maji ya kumwogeshea hayapashwi moto.