Uzi wa Sweta

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na ratiba ileile. Navua viatu mlangoni, naosha vyombo vya mchana, naanua nguo, halafu nakwenda kukaa pembeni ya kaka yangu na daftari mapajani. Kaka alikuwa amemaliza shule na alikuwa akiosha magari kwenye kituo cha mafuta. Mwaka mzima aliweka akiba kwa ajili ya kitu kimoja tu, kompyuta ya kuchezea gemu. Iliyokamilika dukani hakuiweza hata kwa kuiota, kwa hiyo aliamua kununua vipande vilivyotumika, kimoja kimoja, avifunge mwenyewe nyumbani.

Daftari nilishika mimi kwa sababu mwandiko wake ni kama kuku amefukuzwa kwenye karatasi. Kila kipande kilikuwa na ukurasa wake. Kulikuwa na prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, na bodi, ule ubao mpana ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Kulikuwa na kadi ya picha, inayofanya gemu lisikwamekwame, na pawa, lile boksi la chuma linalogawa umeme kwa wote. Nilikuwa naandika kipi kinaingiliana na kipi, na kipi hakielewani na mwenzake. Kaka aliniita Bi Kimya, maana nikiwa na watu mdomo wangu unajifunga wenyewe. Lakini kwenye daftari nilikuwa nasema sana.

Baba ni fundi cherehani na anashonea nyumbani. Alituazima meza yake ya kukatia vitambaa kwa sharti moja.

"Jumapili jioni naitaka meza yangu," alisema. "Iwe inawaka au haiwaki, mtaitoa. Nina sare za watu hapa."

Ijumaa mchana, nikiwa bado na sare ya shule, tulikwenda kwa Mama Vipuri. Ni mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na duka lake limejaa kompyuta zilizofumuliwa kama samaki waliopaliwa magamba. Rafiki yake kaka, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alitufuata bila kualikwa.

"Karibuni, watu wa daftari!" Mama Vipuri alicheka. Tulikuwa tumeshafika mara nne bila kununua hata skrubu.

"Shikamoo, mama. Leo tunanunua," kaka alisema, akaikumbatia kadi ya picha yenye feni tatu.

"Hiyo hiyo!" Redio alidakia. "Na kasha lenye taa za rangi. Bila taa, ndugu yangu, hilo ni friji tu."

Kadi ile ilikuwa inakula hela karibu zote, na pawa iliyobaki ndani ya uwezo wetu ilikuwa ndogo. Nilishajumlisha umeme wa vipande vyote kwenye ukurasa wa kumi na moja, na pawa hiyo haikutosha. Nilitaka kusema. Nikaishia kulikunja daftari.

"Binti, mbona unalikunja daftari kama unakamua nguo?" Mama Vipuri aliuliza. "Sema."

Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole. Ndivyo nilivyosema.

Mama Vipuri alivaa miwani, akasoma, akatoa pawa mbili na kumwekea kaka moja kila mkono. "Haya, pima."

"Hii ni nyepesi."

"Nyepesi kwa sababu ndani wamebania. Siku umenogewa na gemu, itazima. Au itaungua na kuwaunguza na wenzake. Dada yako ameliona hilo kabla yangu."

Kaka alipumua kama tairi. Mwishoni alichukua kadi ya feni mbili na pawa ile nzito, pamoja na bodi na vipande vingine. "Sawa, Bi Kimya. Lakini ikigoma, ni juu yako," alisema, akatoka na Redio kwenda kubishana kuhusu taa za rangi.

Mimi nilibaki kwa sababu Mama Vipuri ana utaratibu wake. Bodi haitoki dukani mpaka mnunuzi aiangalie mwenyewe kwa lenzi. Katikati ya bodi pana kitanda cha prosesa, kimejaa vijipini vya rangi ya dhahabu, mamia kwa mamia, vyembamba kuliko nywele, vyote vimeinama upande mmoja. Kimoja tu kikipinda, kompyuta yaweza isiwake.

"Wewe una macho mapya. Angalia."

Niliangalia mstari kwa mstari. Vilikuwa vimejipanga sawasawa kama wanafunzi paredi. Mama Vipuri akabandika kikaratasi nyuma ya bodi, kimeandikwa "Vijipini vizima", nami nikatia tiki na sahihi. Alifunika kitanda kwa kifuniko chake cheusi cha plastiki, akatufungia mzigo.

Laiti ningeishia hapo.

Nyumbani, kaka alikwenda kwa jirani kuazima bisibisi. Vipande vilikuwa mezani. Nilitamani kuviona vile vijipini mara moja tu, bila lenzi, bila mtu kunihimiza. Nikainua kifuniko. Viling'aa. Nikainama, nikageuza bodi kidogo ili mwanga wa dirishani uingie vizuri, na mkono wa sweta langu la bluu ukapita juu yake. Sweta lile lilikuwa limefumuka ukingoni tangu wiki iliyopita. Nilihisi mvuto mdogo sana, kama mtu amenishika kwa ncha ya ukucha.

Uzi ulikuwa umenasa.

Nikavuta mkono. Uzi ukakatika. Nilipochungulia, vijipini viwili vilikuwa vimelala vibaya, kimoja kimemwegemea mwenzake. Nilisikia malapa ya kaka uani, na mkono wangu, sijui nani aliutuma, ukarudisha kifuniko mahali pake.

"Vipi, umeona jini?" kaka aliuliza, akiingia na bisibisi mbili.

"Hapana," nilisema. Lilikuwa neno moja tu, lakini lilinikaa kifuani kama jiwe.

Jumamosi asubuhi baba alinitazama nikinywa chai. "Lete hilo sweta nikushonee mkono. Linaning'inia uzi."

"Si mbaya, baba," nilisema, nikauficha mkono chini ya meza.

Kaka alifunga kompyuta akiimba. Aliondoa kifuniko bila hata kukitazama kitanda, akalaza prosesa, akabana. Akapachika ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, kisha feni na kadi. Nilimpa skrubu moja moja, na kila skrubu nilijiambia, nikimpa hii nitamwambia. Skrubu zikaisha.

Akabonyeza. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akachomoa ramu, akairudisha, akabonyeza tena. Bado nyeusi. Alijaribu mpaka jasho likamdondoka puani. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani.

"Ni hii pawa yako," alisema. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana, feni zinazunguka. Ni bodi. Yule mama ametuuzia bodi mbovu!"

"Nilikwambia!" Redio alisema toka mlangoni, ingawa hakuwahi kumwambia chochote. "Twende. Tukaongee naye mbele ya wateja wake, kila mtu asikie."

Kaka alichomoa bodi na vipande vyake, akavitia kwenye mfuko, na njia nzima nilitembea nyuma yao. Kila nguzo ya umeme nilijiambia, nikifika ile nitasema. Nguzo nazo zikaisha.

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Mmoja alikuwa mwalimu, nilimjua kwa chaki iliyobaki kwenye mfuko wa shati lake, alikuja kununua bodi ya kompyuta ya shule. Kaka aliiweka bodi yetu juu ya kaunta kwa kishindo.

"Mama, hii ni mbovu. Tumekuamini, tumetoa jasho letu, ukatupa takataka!"

Mwalimu akairudisha taratibu kwenye rafu bodi aliyokuwa ameishika. Mama Vipuri aliona. Hakufoka. Alivuta lenzi, akachungulia kitanda cha prosesa kwa muda mrefu.

"Vijipini viwili vimepinda," alisema. Akageuza bodi, akasoma kile kikaratasi. "Na hii tiki ni ya nani?"

Wote wakanigeukia.

"Bi Kimya!" kaka alisema. "Hukuona? Si uliangalia wewe?"

Hapo Mama Vipuri akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alivua miwani, akaniangalia kwa huruma.

"Usimgombeze. Taa yangu hii imefifia tangu juzi, na mtoto ni mtoto. Pengine vilikuwa vimepinda tangu mwanzo, sote hatukuona. Kosa la duka langu. Nitakubadilishia, baba, nitabeba hasara mwenyewe."

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa. Sikuhitaji hata kudanganya. Nilihitaji kunyamaza tu, jambo ninaloliweza kuliko wote. Kaka angepata bodi nyingine, Jumapili ingefika, baba angepata meza yake. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutoka.

Nilijaribu kusema, sauti ikagoma. Basi nikanyoosha mkono, nikauweka juu ya kaunta, kiwiko mpaka vidole. Mkono wa sweta, na uzi wake uliokatika.

"Nini?" kaka aliuliza.

"Ni mimi," nilisema. Ilitoka kama mnong'ono. Nikaona kisigino cha mwalimu kinavuka mlango, nikapaza sauti mpaka nikashtuka mwenyewe. "Ni mimi! Vilikuwa vizima! Nilifungua nyumbani, sweta likanasa! Mama hana kosa!"

Hata Redio alizimika. Mwalimu akarudi hatua mbili. Mama Vipuri akainamia tena lenzi, akachukua kibano, akachomoa kitu na kukiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kinyuzi cha bluu, kidogo kama kope.

"Kumbe ulikuwa hapa, bwana," alikiambia.

Kaka uso ulimwiva. "Yaani tangu jana? Umenipa skrubu zote zile huku unajua?"

Niliitikia kwa kichwa. Machozi yalinidondoka, sikuyafuta.

"Ugomvi baadaye," Mama Vipuri alisema. "Nani ana penseli ya kubonyeza?"

Nilikuwa nayo mfukoni, ya darasa la hesabu. Alitoa risasi ya kuandikia, ikabaki ile ncha ya chuma yenye tundu. "Shika lenzi. Usitikisike. Kikivunjika, bodi ndiyo basi, na hapo hata mimi sina la kufanya."

Nilishika kwa mikono yote miwili. Ncha ile ilivikwa kwenye kijipini cha kwanza kama soksi, akakinyanyua polepole, nikasahau kupumua. Kikarudi kwenye mstari wake. Cha pili kilikuwa kibishi. Alikiinua kidogo, akapumzika, akakiinua tena. Jasho lilimtiririka karibu na sikio. Niliona mkono wake ukitulia, halafu ukasogea kiasi cha unene wa karatasi.

"Haya," alisema.

Kaka alichomeka prosesa, ramu na kadi yake palepale kaunta, na Mama Vipuri akaunganisha pawa yake ya kujaribia. Feni zikazunguka. Skrini nyeusi. Nikafumba macho.

"Fumbua macho, Bi Kimya," kaka alisema.

Kwenye skrini kulikuwa na maandishi meupe. Redio alipiga yowe kama goli limeingia. Kaka hakupiga yowe. Alimgeukia Mama Vipuri, akashika mikono nyuma.

"Mama, nilikutukana mbele za watu, na sikuwa nimeangalia hata mara moja. Nisamehe."

"Nimesikia," alijibu. Akanigeukia, akinirudishia penseli. "Binti, nisikilize. Bodi mbovu zinaletwa hapa kila siku. Zilizopinda hazinisumbui. Zinazonisumbua ni zile ambazo mwenyewe anaapa hakuzigusa, maana natafuta ugonjwa siku nzima mahali usipokuwepo. Ungemwambia kaka yako jana, ingekuwa kazi ya dakika kumi, na mimi nisingeitwa mwizi kwenye duka langu. Lakini umesema kabla sijalipa kosa lisilo langu. Hilo nimeliona pia. Kukosea utakosea tena, kila anayegusa vitu anakosea. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatoka ndogo."

Mwalimu alikuwa amesharudi kwenye rafu. Alichukua ile bodi yake, akaomba lenzi.

Mama Vipuri akabandika kikaratasi kipya nyuma ya bodi yetu, akanipa kalamu. Safari hii sikutia tiki tu. Niliandika kwa mwandiko wangu bora: "Viwili vilipinda. Vimenyooshwa." Nikatia sahihi.

Jumapili jioni meza ilirudi kwa baba, ikiwa safi, na kompyuta ikahamia juu ya kabati. Kaka alikuwa bado amenuna kidogo, lakini aliniachia zamu ya kwanza ya gemu. Nilicheza mikono ikiwa wazi, kwa sababu sweta lilikuwa kwa baba. Nilikuwa nimempelekea mwenyewe, na kumweleza yote kabla hajauliza. Alisikiliza, akatunga uzi kwenye sindano, akaniuliza swali moja tu.

"Na ukingo wa mkono wa pili vipi, mzima?"

Nikauvuta kwangu, nikautazama vizuri. "Hapana, baba. Nao umeanza kufumuka."

"Lete," alisema.