Aliyeimba Nyuma ya Chuma

Nilikuwa nakunja nyaya nifunge studio nikaoge zangu, giza ndio linaingia, mlango ukasukumwa bila hodi. Chuma. Mpiga gitaa mkuu wa bendi, miwani ya jua usoni wakati jua lenyewe lishaenda zake.

"Dada, nisaidie. Kuna kitu ndani ya wimbo."

Wimbo wenyewe ni "Vunja Geti". Kama hujausikia basi huna redio wala jirani. Magitaa yanakwaruza, ngoma zinakupiga kifuani, watoto wanaruka vitandani mpaka chaga zinavunjika. Aliutunga mdogo wangu, mwenzake Chuma kwenye bendi, tumbo moja mimi na yeye. Akafia humu humu, nyuma ya kioo, siku aliyokuja kuurekodi. Gitaa mkononi, midomo kwenye maiki. Umeme. Chuma akauimba yeye, ukamtajirisha, kisha akasimama mbele ya waandishi wa habari akasema marehemu alikuwa amelewa, alichezea nyaya mwenyewe. Mama yetu hatoki nje tangu siku ile. Anaona haya, eti alizaa mlevi. Mdogo wangu hata soda ilikuwa inamkereketa!

Kwa hiyo nilipomwona Chuma anatetemeka, nilifurahi. Sitaki unafiki.

"Kitu gani?"

"Kuna mtu anaimba nyuma yangu. Zamani hakuwepo. Tangu juzi yupo, kila redio. Mfute tu, dada."

Nikaufungua wimbo kwenye kompyuta, nikawa nazima sauti moja moja. Ngoma, zima. Besi, zima. Magitaa, zima. Chuma mwenyewe, zima.

Kimya...

Halafu spika zikavuta pumzi.

Pumzi ile naijua, nimelala nayo kitanda kimoja utoto mzima. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Nani..." ikanong'ona. "Nani kakata waya?"

Nikamgeukia Chuma. Alikuwa amevua miwani.

"Waya gani?"

"Sijui anasema nini huyo."

Mimi lakini kazi yangu ni nyaya. Amplifaya za bendi hizi za kelele huunguruma, na wapiga gitaa wavivu wana dawa yao: wanaukata ule waya wa tatu kwenye plagi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Muungurumo unakwisha kweli. Ila siku umeme ukivuja, unakaa kwenye nyuzi za gitaa unakusubiri, na ukigusa maiki kwa midomo, basi. Siku ile nilikuwa likizo. Nilipofika mbio, amplifaya ya Chuma, aliyoitumia mdogo wangu, ilikuwa imeshaondolewa.

"Hapa hafutiki," nikamwambia, kwa upole kabisa. "Nenda kwenye maiki ukamjibu. Akijibiwa ataondoka."

Nilijuaje? Sikujua. Yalinitoka tu mdomoni.

"Una wazimu wewe."

Spika zikavuta pumzi tena. Safari hii nyuma ya shingo yake.

Akaenda kwenye maiki bila kubishana. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Nani kakata waya?"

"Mimi." Nyuma ya kioo Chuma alikuwa analia, ameng'ang'ania stendi ya maiki. "Ilikuwa inaunguruma, nikataka sauti safi. Sikujua itakuua. Ulevi nilikuzushia mimi. Nisamehe, ndugu yangu..."

Nikahifadhi kwenye flashi, nikaitia kifuani. Haya, Mama atatoka nje, nikajisemea. Yangu yamekwisha.

Ya mdogo wangu bado.

Chuma akawa anavuta mkono kwenye stendi, hautoki. Anavuta, hautoki. Nikakimbilia swichi kubwa, nikazima umeme wa jengo zima. Giza totoro. Kompyuta imekufa, taa zimekufa.

Gitaa likaanza kulia.

Polepole... mwanzo wa "Vunja Geti"... na spika zisizo na umeme zikaniambia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia nimfungie kamba za viatu:

"Dada, toka nje. Funga mlango."

"Dada, usiniache naye!" Chuma akapiga yowe. "Dada wee!"

Nikatoka. Nikafunga, kwa ufunguo.

Walimkuta asubuhi ameketi sakafuni, mzima wa mwili. Fundi umeme alikagua kila plagi, hakuona kosa. Lakini Chuma hana sauti tena. Anafungua kinywa, anajikamua mpaka mishipa inamtoka, hakitoki hata kikohozi. Mama aliisikiliza ile flashi mara moja tu, akajifunga khanga, akatoka kwenda kusalimia majirani nyumba kwa nyumba. Nililia siku hiyo mpaka nikachoka.

Nikadhani mdogo wangu sasa amepumzika.

Jana akanipigia mpiga ngoma. Ndiye aliyeibeba ile amplifaya kuificha, na ndiye aliyeitikia kwa kichwa uongo wa Chuma pale mbele ya waandishi. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, samahani... kuna mtu anapumua katikati ya ngoma zangu. Unaweza kumtoa?"

"Naweza," nikamwambia. "Njoo tu, mdogo wangu. Njoo peke yako."