Binti Yangu Kwenye Taarifa ya Mwaka

Nilimwona binti yangu ukutani, amelala kitandani, anacheka.

Binti yangu niliyemzika mwaka huu huu, mvua zilipoanza.

Na aliyemweka pale ukutani ni kaka yake... mwanangu wa kumzaa mwenyewe.

Wajukuu zangu mnaonisoma kwenye simu, nivumilieni. Mimi huandika kwa kidole kimoja, na sipendi kuruka vitu.

Ilikuwa ukumbi wa halmashauri, siku ya kuwasomea wananchi taarifa ya kazi za mwaka. Viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kujivuta, mapazia yamefungwa ili picha zionekane. Mwanangu ndiye afisa mipango, ndiye msomaji. Asubuhi alinipigia simu, akasema nije, nikae mbele kabisa. Nikadhani anataka nimwone alivyovaa suti. Nikajipaka mafuta, nikamchukua mkwe wangu, mke wake, na tumbo lake la miezi minane, tukaketi safu ya kwanza.

Barabara ikasomwa. Soko likasomwa. Watu wakasinzia.

Halafu akasema, sauti kavu kama anayesoma bei ya sabuni, "Wodi ya wazazi, zahanati ya mtaa. Imekamilika asilimia mia. Inatumika."

Na picha ikaja.

Gauni lile la njano. Kifungo cha pili nilikishona kwa uzi mweupe, kwa sababu wa njano uliniishia. Kilionekana.

Mkwe wangu akanishika mkono. "Mama... yule si wifi?"

Nilikuwa nakitazama kile kifungo.

Picha ile naijua ilivyopigwa. Alikwenda kliniki, mjamzito, akakuta vitanda vipya na watu wa halmashauri wana kamera. Wakamwomba ajilaze kidogo. Akarudi nyumbani anacheka hadi anashika ukuta, eti leo kalazwa bila ugonjwa.

Picha zilipokwisha, vitanda vikapakiwa kwenye lori kwenda zahanati nyingine, nako vikapigwe picha. Ndivyo walivyozoea... vitanda vile vile, vinazunguka. Wodi yetu ikatiwa kufuli.

Uchungu ulipomshika, tulisimama mbele ya kufuli hilo. Nesi alilia pamoja nasi. Ufunguo hana, na hata angekuwa nao, ndani patupu. Tukakodi gari kwenda hospitali kubwa.

Hakufika. Kichanga tulimzika naye.

Sasa pale ukumbini mwenyekiti wa halmashauri akainuka kushukuru. Akapita mbele ya mwanga wa projekta, na uso wa binti yangu ukamwangukia kifuani, kwenye shati jeupe. Yeye akivuta pumzi, binti yangu naye anapumua.

Wajukuu zangu, nilitaka asiondoke pale.

"Kama hakuna swali tuipitishe," akasema. "Na fungu la fedha za wodi tulifunge, kazi imeisha."

Fungu likifungwa, ule mlango haufunguliwi tena. Nikatazama tumbo la mkwe wangu, mtoto anacheza mle ndani kama hana habari.

Nikamtazama mwanangu. Ameinamia karatasi zake. Lakini picha nyingine zote alizibadilisha upesi, hii ameiacha... haiondoi.

Nikasimama, magoti yanalia.

"Mimi ninalo. Huyo aliyelala hapo, yuko wapi sasa?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama yangu, huyo yuko nyumbani analea."

"Nyumbani kwake ni makaburini. Mimi ndiye mama yake. Wodi yenu ilikuwa na kufuli."

Waliokuwa wakisinzia wakageuka kunitazama.

Mwenyekiti akasema jambo hilo ni zito, nimfuate ofisini tuongee vizuri. Ndipo ikaja ile sauti kavu ya mwanangu.

"Mheshimiwa, kwa utaratibu wetu swali la mwananchi linajibiwa hapa hapa, na linaandikwa. Taarifa haipiti mpaka lijibiwe."

Basi hapakukalika tena. Watu walitaka kwenda kujionea, wakaenda kwa miguu, mwenyekiti katikati yao anajifuta jasho. Kufuli likakatwa. Ndani hata godoro hakuna. Taarifa ikarudishwa, fungu likabaki wazi.

Mwanangu nilimngoja nje, mkono unaniwasha.

"Ulimweka dada yako kusudi?"

"Kusudi, mama. Nilikataa kuandika imekamilika, wakaniambia watanihamisha. Wewe hawana pa kukuhamishia."

"Ungeniambia."

"Ungekuja na maneno ya kukariri. Nilitaka wamsikie mama yake."

Nikampiga ngumi ya kifua. Kisha nikalishika shati lake hapo hapo, nikashindwa kuliachia. Kama nimemsamehe, bado sijui.

Vitanda vililetwa, safari hii vikabaki. Mkwe wangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Nilipokwenda kuwaona nilimkuta kwenye kitanda cha dirishani, kichwa upande ule ule wa kwenye picha, anacheka vile vile... Nilisimama mlangoni nimeshika komeo, mpaka nesi akaja akanivuta mkono.

Wajukuu zangu, mkiitwa kusomewa taarifa ya mwaka, msiseme mna kazi. Nendeni. Na mkionyeshwa picha ya mtu anacheka, ulizeni yuko wapi leo.